Ukiunganisha poti za swichi, tazama trafiki inavyogawanywa

Wengi wanaoniomba niwaunganishie poti za swichi ya mtandao zifanye kazi kama njia moja huwa na tumaini moja: kebo mbili za gigabiti 1 ziwape gigabiti 2, na faili kubwa linakiliwe kwa nusu ya muda. Huwa nawaambia mapema kwamba haitakuwa hivyo. Pakiti za mazungumzo mamoja zikipitishwa njia mbili zinaweza kufika zimepishana, kwa hiyo swichi huyaweka mazungumzo yote kwenye kebo moja. Nafuu utaiona pale mashine nyingi zinapoisaka seva moja kwa pamoja, au kebo moja ikikatika na kazi zikaendelea.

Kebo ipi itumike huamuliwa kwa kukokotoa anwani, na hapa ndipo ninapotumia muda mwingi. Kwenye Linux, bondi (poti zilizounganishwa) ya LACP, itifaki nitakayoieleza hapa chini, usipogusa mpangilio wake wa kugawa huangalia anwani za MAC, yaani za kadi za mtandao. Kama karibu trafiki yote ya seva yako inapitia ruta moja, MAC ya upande wa pili haibadiliki kamwe: kebo moja inafurika, nyingine imelala. Weka mpangilio wa kugawa uitwao layer3+4, ili bondi iangalie anwani za IP pamoja na namba za poti za programu. Lakini kila upande hugawa trafiki inayotoka kwake tu, kwa hiyo ukimaliza seva, ingia na kwenye swichi uweke mgawanyo wake.

Tumia LACP, itifaki ambayo pande mbili hutumiana ujumbe kuthibitisha kwamba kebo zimeungana, ile iliyoanza na kiwango cha 802.3ad mwaka 2000. Bila hiyo swichi huamini taa ya poti tu, na kama katikati kuna kigeuzi cha faiba, taa inaweza kubaki inawaka ilhali faiba imekatika mbele. Pakiti zinapotea kimyakimya. LACP ya mwendo wa polepole hutuma ujumbe kila sekunde 30 na kuitoa poti kwenye kundi baada ya 90 bila kupokea ujumbe. Mimi huchagua mwendo wa haraka: ujumbe kila sekunde 1, poti inatolewa baada ya 3. Angalau upande mmoja uwe active (unaoanza kutuma ujumbe), maana pande mbili za passive (zinazosubiri kuanzwa) zitasubiriana tu.

Kasi na VLAN (mitandao iliyotenganishwa ndani ya swichi) za poti zote zifanane. Ukimaliza, soma /proc/net/bonding/bond0: Aggregator ID (namba ya kundi la kebo) ikitofautiana kati ya kebo na kebo, hazijaungana. Kisha chomoa kebo moja huku ping inaendelea, irudishe, uchomoe ya pili.