Barua kwa mwanangu aliye kwenye mizani ya alizeti

Mbukwa mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikia. Mimi kuongea na simu isiyonijibu siwezi, kwa hiyo nakuandikia. Vidole hivi vimepiga chapa tangu enzi za mashine za taipu, acha vifanye kazi yao.

Umesema wenzako mliosoma nao chuo cha biashara, CBE, hapa Dodoma wameanzisha mada kwenye kundi la WhatsApp: kila mmoja aseme anafanya kazi gani sasa na anataka kufika wapi. Mmoja yuko benki, mmoja ni mhasibu wa halmashauri, mmoja kajiandika mkurugenzi wa kampuni ambayo unajua fika ni yeye na simu yake. Wewe uko Singida kwenye kinu cha kukamua alizeti, unapima magunia na kujaza daftari, ukaona aibu ukanyamaza. Ukaniuliza uandike nini, na kama uache kinu urudi Dodoma uwe karibu na usaili. La tatu ukalichomekea mwishoni: mimi nilipokuwa na umri wako nilitaka kuwa nani?

Nianze na hilo la tatu. Nilitaka kuandika Hansard, ile kumbukumbu ya kila neno linalosemwa bungeni. Cheka tu. Nilikuwa nimefaulu hatimkato, ule mwandiko wa alama za haraka, ya Kiswahili na ya Kiingereza, maneno 100 kwa dakika, na Bunge lilipohamishia vikao vyake hapa miaka ya 1990 nikajiona kabisa nimekaa pale mbele, waheshimiwa wanarushiana maneno na kalamu yangu haiachi hata moja. Nikaomba. Sikuitwa. Nikabaki ofisini kwangu.

Sasa sikiliza kilichofuata, maana hiki sijawahi kukusimulia vizuri. Watu wanadhani katibu muhtasari kazi yake ni kupiga chapa, kupokea simu na kumchemshia bosi chai. Nilichokifanya miaka yote ile ni kujua karatasi iko wapi. Barua inaingia masjala, yaani chumba cha mafaili, inagongwa mhuri wa tarehe, inapewa namba ya folio, inafungwa kwenye faili lake, faili linapanda kwa mkubwa, linarudi na dokezo. Likikwama kwenye meza ya mtu, kuna mstaafu huko kijijini anahesabu miezi bila mafao. Nikaanza kushinda masjala muda ambao wenzangu walikuwa wanasuka ukili wa umbea, nikajua faili gani linafunguliwa wapi na kwa nini. Serikali ilipoanza kuhamia huku kwa kishindo mwaka 2016, maboksi ya mafaili yakashuka kutoka Dar es Salaam, na baadaye ofisi zikajengwa kwenye mji wa serikali, Mtumba. Wakati huo mtu anayejua kupanga mafaili alikuwa anatafutwa kama fundi bomba siku ya mafuriko. Cheo changu hakikubadilika, lakini nilikuwa siombi ruhusa mara mbili. Hata hayo majina ya vyeo yanapita tu: tulianza wapiga chapa, tukawa makatibu muhtasari, siku hizi tangazo linasema Mwandishi Mwendesha Ofisi. Faili ni lile lile.

Kwa hiyo kundini andika hivi: "Natunza hesabu za kinu cha alizeti Singida. Mbegu inayoingia, mafuta na mashudu yanayotoka, na malipo ya wakulima. Nataka kuwa mhasibu mwenye CPA, naanza mitihani ya bodi ya wahasibu, NBAA." Basi. Usiandike "nipo nipo tu natafuta", maana si kweli.

Na usidhani nakupamba. Huyo wa benki anapokea fedha ambazo hesabu yake ni ile ile asubuhi na jioni. Wewe unapokea gunia. Mkulima mmoja kaleta lumbesa anataka ihesabiwe gunia moja tu kwa sababu ndivyo alivyozoeshwa na walanguzi, mwingine kaleta mbegu haijakauka, na uzito wake wa leo si uzito wake wa wiki ijayo. Wakati wa Pasaka ulinieleza jinsi mafuta yalivyokuwa hayalingani na mbegu mliyokamua, watu wakaanza kumtazama vibaya kijana wa mashine, kumbe mashudu yalikuwa yanatoka kwa wafugaji bila kupita kwenye mizani. Wewe ndiye uliyeligundua. Hiyo chuoni mliiita uhasibu wa gharama, na wapo wenye shahada yake ambao gunia wameliona kwenye mfano wa kitabu tu.

Kati ya wote ulionisomea, nimempenda yule kijana wa bodaboda. "Naendesha ya mkataba, mwakani inakuwa yangu, nikimaliza nanunua ya pili nimpe mdogo wangu." Hakuficha kitu, na anajua anadaiwa kiasi gani kufika anakotaka. Wale walioandika wanataka "kufika mbali" sijui ni mbali ya wapi. Kigoma?

Kuhusu kurudi Dodoma, jibu langu ni hapana, kwa sasa. Maombi ya serikali unayafanya kwenye Ajira Portal ukiwa hapo hapo Singida na simu yako. Ukiitwa usaili wa mchujo unapanda basi la alfajiri, saa nne au saa tano uko hapa, unalala kwangu. Ukifaulu hadi mahojiano na nafasi zisikutoshe, jina lako linabaki kwenye kanzidata na unaweza kupangiwa kituo baadaye. Hakuna mahali walipoandika kwamba anayekaa karibu na Mtumba anaanza. Matangazo mengi yanataka mtu asiyezidi miaka 45, sasa wewe wa miaka 26 nani anakukimbiza? Hapa mtaani wamejaa watoto wa watu na bahasha zao za kaki, wanapanga chumba watatu watatu kwa kodi iliyopanda tangu wizara zije, wanangoja. Waliofanya kitu huku wakingoja, hata kupanga nguo Machinga Complex, naona wana nuru usoni. Wengine wanazidi kukonda.

Lakini kinu chako kina kasoro moja inayoniudhi kuliko hiyo aibu yako. Huna mkataba na hukatiwi mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF. Huko si kuajiriwa, mwanangu, ni kusaidiana. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na wewe huwezi kukatwa zaidi ya nusu ya hiyo. Nyingine ni ya mwajiri. Mwombe mkataba wa maandishi wenye jina la kazi unayoifanya kweli, siyo "kibarua wa mizani". Na umwombe kabla ya Mei, kabla alizeti haijaanza kuvunwa na magari kupanga foleni getini, kwa sababu wakati huo ndipo atajua thamani yako. Mwombe kwa adabu, shika na daftari lako mkononi alione. Akikupiga danadana msimu mzima, hapo nitakuambia ondoka, na nauli nitatuma mimi.

Kitu kingine, fuatilia bajeti ya Juni. Ushuru wa mafuta ya kula yanayotoka nje ukishuka, bei ya alizeti huko kwenu inashuka nayo, mkulima anagoma kulima mwaka unaofuata, na kinu kinakosa cha kukamua. Ndiyo maana nakusukuma kwenye NBAA mapema. Kuna mitihani ya Mei na ya Novemba. Mei utakuwa na magunia hadi usiku, kwa hiyo lenga Novemba.

Mdogo wako anauliza mimi ningekuwa kundini ningeandika nini. Ningeandika: "Mstaafu. Napogoa zabibu Hombolo. Nataka tangi." Unajua tunavuna mara mbili kwa mwaka, na zabibu ikiiva haimsubiri mtu. Mnunuzi akichelewa wiki moja inaanza kudondoka, unauza kwa bei anayotaka yeye. Wenye matangi wanakamua, wanahifadhi mchuzi, wanakaa kitako hadi bei ikae sawa. Nimeulizia bei ya tangi, imenitoa jasho, lakini tumeanza kuchangishana na mama wawili wa shamba la jirani. Ukija nitataka utufungulie daftari, na utalipwa. Kwa mchuzi, pengine.

Vyeti vyako ulivyoacha kabatini nimetoa nakala na wakili ameshazigonga mhuri, kwa hiyo kazipakie kwenye akaunti yako kabla tangazo halijatoka. Nakutumia kwa basi la kesho asubuhi pamoja na karanga za bibi yako. Nikishamkabidhi kondakta nitakupigia nikupe namba ya gari. Usimwache akusubiri stendi.

Mama yako