Anzia kwenye jani, ua litafuata

Desemba Dar es Salaam hakuna asiyeujua mkrismasi. Maua mekundu yamefunika mti mzima. Pita tena yakishapukutika, na wengi watakuambia ule ni mjakaranda. Ndiyo maana anayetaka kujifunza miti ya mitaani namwambia aanzie kwenye jani.

Kwanza ujue jani linaanzia wapi. Miti mingi ya barabarani jani lake limegawanyika vijijani vingi, yaani vipande vidogo vinavyofanana na majani, na mgeni hudhani kila kijijani ni jani kamili. Fuata kikonyo mpaka kinapoungana na tawi. Ukikuta kichipukizi kidogo pale kwapani, jani linaanzia hapo. Kwenye kijijani hukikuti. Kisha tazama mpangilio: majani ya mjakaranda hukaa mawili mawili yakitazamana, ya mkrismasi hupishana, moja huku, jingine kule. Vijijani vya mjakaranda vimechongoka, vya mkrismasi ni butu. Angalia na chini ya mti pia. Mkrismasi huangusha maganda magumu, bapa, yanayoweza kufika nusu mita. Ganda la mjakaranda ni bapa la duara, linaenea kiganjani.

Wanaonitia wasiwasi hasa ni wachumaji wa mwarobaini, maana uko mti uitwao melia, nduguye kabisa, na matunda yake yana sumu. Hapa tafadhali usikadirie. Jani la mwarobaini limegawanyika mara moja tu: uti mmoja, na vijijani vyenye meno vimejipanga pande mbili, vimepinda kama mundu. La melia limegawanyika mara mbili, pengine hata tatu: kwenye uti mkuu huchomoza viuti vingine, na vijijani hukaa kwenye hivyo. Maua ya mwarobaini ni madogo meupe. Ya melia ni zambarau hafifu, katikati pana zambarau iliyokolea. Matunda ya melia ni ya duara, huiva manjano na kubaki yamening'inia hata majani yakiisha. Usionje chochote eti upime uchungu.

Simu inasaidia, ila inategemea umepiga nini. Pl@ntNet na iNaturalist, programu za kutambua mimea kwa picha, ninazitumia zote mbili. Picha ya mti mzima kutoka ng'ambo ya barabara haisaidii sana. Piga jani zima pamoja na kipande cha tawi, mgongo wa jani, ua kwa mbele na kwa ubavu, tunda, na gome. Ukiletewa majina kadhaa, rudi mtini ukalinganishe kimoja kimoja.

Halafu muulize mlinzi au mama lishe anayeshinda kivulini pale. Yeye anajua unachanua mwezi gani na hupukutika lini, jambo ambalo picha ya siku moja haiwezi kukuonyesha. Jina atakalokupa liandike pamoja na la kisayansi, kwani mwarobaini wa Dar, Azadirachta indica, ukifika Mombasa utausikia ukiitwa mkilifi.