Nyaya zote zinalia kwenye mita, lakini pampu haina nguvu

Swali: Fundi, gari langu la petroli linakosa nguvu likipanda mlima na taa ya injini inawaka. Skana, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, ilitoa kodi ya hitilafu P0171, yaani mchanganyiko wa hewa na petroli una petroli pungufu. Nimeshabadilisha pampu ya mafuta mara mbili na tatizo liko palepale, kwa hiyo sasa nashuku nyaya. Nimezipima kwa mlio wa mita ya umeme (multimeter) kutoka kwenye relei, ile swichi ya umeme inayowasha pampu, hadi kwenye pampu, zote zinalia. Nikichomoa plagi ya pampu nakuta volti 12.6. Nataka kununua kifaa kimoja kizuri cha kutafuta hitilafu za nyaya. Nichukue skana kubwa, tona ya kufuatilia waya, au osiloskopu, ile inayochora volti kwenye skrini?

Jibu: Ndugu yangu, kwa sasa usinunue hata kimoja. Mita uliyo nayo inatosha kwa kazi hii. Kisichotosha ni vipimo viwili ulivyofanya, na hivyo hivyo ndivyo ninavyosimuliwa karibu kila wiki. Gari linaletwa likiwa na pampu mpya, sensa mpya, hata alternata mpya, na mwenyewe ananihakikishia kwamba nyaya ni nzima kwa sababu zimelia.

Hebu tuuangalie huo mlio. Ukiweka mita kwenye mlio, inapitisha mkondo mdogo sana kwenye waya, kwa kawaida milliampea moja hivi au pungufu ya hapo. Mita nyingi hulia ukinzani ukiwa chini ya omu 30, nyingine hata chini ya omu 50. Sasa piga hesabu: kwenye mfumo wa volti 12, waya wenye omu 20 hauwezi kupitisha zaidi ya ampea 0.6, na pampu ya mafuta ya gari dogo huhitaji ampea 5 au 6. Kwa hiyo waya ambao hauwezi kuendesha pampu hata kidogo utakulilia vizuri kabisa. Waya uliokatika karibu nyuzi zote ndani ya ganda ukabaki unywele mmoja nao utalia. Ni sawa na kupitisha uzi kwenye mpira wa maji, kisha ukatangaza kwamba maji yatapita kwa kasi.

Kipimo chako cha pili kina kasoro ileile. Volti hupotea njiani pale tu mkondo unapopita. Ulipochomoa plagi, pampu haikuwa inavuta kitu, na mita yenyewe ina ukinzani wa ndani wa megaomu 10, yaani haivuti chochote cha maana. Ile 12.6 uliyoiona ni volti ya betri tu, haikuambii waya una hali gani. Rudisha plagi, pampu ifanye kazi, ndipo upime.

Mfano mdogo. Pini moja imeota kutu ya kijani na imeongeza nusu omu. Mkondo wa ampea 6 ukipita hapo, volti 3 zinabaki kwenye pini. Injini ikiwaka na betri ikiwa kwenye 14, pampu inapata 11 hivi. Kwenye tambarare gari linakwenda. Mlimani, injini inapodai mafuta mengi, presha inashuka, mchanganyiko unakosa petroli, na kompyuta inaandika P0171. Hizo volti 3 mara ampea 6 ni wati 18 za joto kwenye kipande cha chuma kidogo kuliko punje ya mchele, ndiyo maana plagi za namna hiyo huwa zimegeuka kahawia. Zitazame hizo kwanza, kabla hata ya kushika mita. Nusu omu hiyo hutaiona kwenye mita, kwa sababu vijiti vya mita peke yake huwa na omu 0.2 au zaidi.

Fanya hivi. Mita iwe kwenye volti za DC, injini iwake, plagi ya pampu ikiwa mahali pake. Kijiti chekundu kiguse chanya ya betri, cheusi kiingizwe kwa nyuma ya plagi kwenye waya wa chanya wa pampu. Namba utakayoisoma ni volti iliyopotea upande huo wote: fyuzi, relei, viungio na waya wenyewe. Betri iko mbele na pampu iko nyuma, kwa hiyo utahitaji kurefusha kijiti. Waya wowote mwembamba utafaa kwa sababu mkondo wa mita ni mdogo mno. Kisha upande wa athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri: chekundu kwenye hasi ya pampu, cheusi kwenye hasi ya betri. Usiuruke upande huu. Mafundi wengi hupima chanya, wakaridhika, na kumbe boliti ya athi imelegea juu ya rangi na kutu.

Kwa athi, mimi hukubali hadi volti 0.1. Upande wa chanya, wenye viungio vingi, ukikaribia 0.5 anza kutafuta. Sogeza kijiti cheusi hatua kwa hatua kutoka betri kuelekea pampu: baada ya fyuzi, baada ya relei, kisha plagi ya kati. Pale namba inaporuka ghafla, ubovu uko kati ya hapo na ulipotoka. Kama tatizo linakuja mlimani tu, washa sehemu ya mita inayohifadhi namba ya juu kabisa, mtu mwingine aendeshe. Na kwa kuwa uko karibu na tangi la petroli, fanya kazi mahali penye hewa na usitoe cheche.

Vifaa ulivyovitaja vina kazi yake. Tona itakuonyesha waya umepita wapi au umekatikia wapi, lakini haitaona kiungio dhaifu. Osiloskopu ni kifaa nikipendacho, ila ni cha ishara za sensa na mawasiliano ya kompyuta, na kinahitaji mtu anayejua ishara nzima inafananaje. Skana inakuambia kompyuta imeona nini, na kompyuta haioni pini ya pampu yako. P0171 imesema mchanganyiko hauna mafuta ya kutosha. Aliyekuuzia pampu kwa kodi hiyo alikisia kwa fedha zako, mara mbili. Kama unataka kuongeza kitu, tafuta mchoro wa nyaya wa gari lako hasa na seti ya sindano nyembamba za kuingiza nyuma ya plagi. Ongeza balbu ya indiketa ya wati 21 iliyofungwa nyaya mbili. Ukiiweka mahali pa pampu inavuta karibu ampea 2, na waya mbovu utaifanya ififie mbele ya macho yako. Usiiunganishe kamwe kwenye nyaya za sensa, za kompyuta, wala za mifuko ya hewa, ambazo plagi zake mara nyingi ni za njano.

Sasa naomba unisikilize, kwa sababu baada ya pampu mbili atatokea mtu wa kukuambia "tuvute laini moja kwa moja kutoka betri." Gari litapanda mlima, na wewe utamshukuru. Lakini magari mengi yana kompyuta inayokata relei ya pampu injini inapozimika. Laini ya moja kwa moja imeondoa kinga hiyo: gari likigongwa na bomba likapasuka, pampu itaendelea kumwaga petroli hadi mtu azime swichi, kama laini hiyo inapita kwenye swichi.

Mwingine atatoboa ganda la waya kwa sindano kila baada ya kiganja. Maji huingia kwenye tundu hilo na kutambaa ndani ya nyuzi, na miezi kadhaa baadaye waya uliokuwa mzima unakuwa unga wa kijani katikati ya fungu, mahali ambapo hakuna atakayepafikiria.

Na wa tatu ataweka fyuzi ya ampea nyingi zaidi. Fyuzi bapa ya ampea 15 ni ya bluu, ya 30 ni ya kijani. Fungua kisanduku leo ulinganishe rangi na mfuniko. Ukikuta ya kijani mahali palipoandikwa 15, usiwashe gari. Itoe, kisha ufuate waya wake kwa mkono hadi mwisho, fungua utepe, uangalie kama ganda lake halijayeyuka na kugandana na la waya wa jirani.