Bendi Imeonekana, Mizizi Ina Mafundo

Juzi kijana mmoja kaniletea picha ya jeli, ile inayoonyesha vipande vya DNA kama mistari (bendi), meno yote nje: "Mi-1, jeni ya ukinzani, ipo! Hii nyanya minyoo fundo haiigusi." Nikamuuliza udongo wa vyungu vyake una joto gani. Akanitazama kana kwamba nimemuuliza bei ya dagaa. Haya wadogo zangu, sogeeni.

1. Bendi inakwambia jeni ipo, basi. Mi-1 ilitoka kwa nyanya pori, Solanum peruvianum, na minyoo fundo aina ya Meloidogyne incognita jeni hiyo huidhibiti vizuri tu, ila udongo ukizidi nyuzi 28 hivi ukinzani unalegea. Nilikuwa nimelisoma hilo, hata wino nikalipigia. Kisha nikapanga jaribio kwenye kitalu nyumba cha nailoni, Januari, vyungu vyeusi juu ya zege. Kung'oa miche, mizizi ya aina kinzani ina mafundo sawa na ya Moneymaker, aina isiyo na jeni hiyo. Badala ya kushika kipimajoto, nikamshika muuza mbegu: barua kali, katuuzia feki, nakala kwa bosi. Nikarudia PCR, kipimo cha kunakili DNA kinachotoa hiyo bendi, bendi iko palepale. Nikabadilisha praima, vile vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha kunakili, bado ipo. Nikamgeukia mwenzangu kwamba kachanganya lebo, na huyo dada ndiye aliyekuwa akinimwagilia miche wikendi! Mwishowe mzee wetu wa kitalu akachomeka kidole kwenye chungu saa nane mchana, akasema, "Mwalimu, hapa unapika." Nilizunguka kuomba radhi kila ofisi. Ile barua bado iko kwenye faili, na bosi akitaka kunitania anajua droo gani avute.

2. Majibu bila mche wa kulinganishia usio na jeni msiniletee.

3. Mkipima utendaji wa jeni kwa RT-qPCR (PCR inayopima kiasi cha RNA ya jeni), kateni majani saa ileile kila siku. Na aktini, jeni ya kulinganishia vipimo, msiiamini kwa mazoea. Ukame unaweza kuiyumbisha nayo.

4. Kumwagilia ni sehemu ya jaribio. Mche wenye kiu huzalisha asidi ya absisiki ili ufunge stomata (vitundu vya hewa vya majani), na homoni hiyo mara nyingi huikandamiza asidi ya salisili, ile inayoamsha jeni za ulinzi kama PR1. Ukisahau maji Ijumaa, Jumatatu unapima ugonjwa na kiu kwa mpigo, halafu grafu inapinda unasema mashine mbovu. Na wale mnaomwaga ndoo nzima Jumapili usiku ili nisijue: najua.

5. Rasta, ule ugonjwa wa virusi unaokunja majani ya nyanya. Mche wenye Ty-1, jeni ya ukinzani dhidi yake, unaweza kupendeza huku virusi vimo ndani. Jeni hiyo inausaidia mmea kuvinyamazisha, haivifungii mlango, na inzi weupe wanaweza kuvibeba kutoka hapo hadi kwa miche dhaifu ya jirani. Kwa hiyo msiichanganye meza moja. Tena wavu wa mlangoni umetoboka. Ushoneni leo, kabla ya chai.