Maswali Yenu: Hewa ya Ukaa, Jua na Umeme Usiochafua

Swali: Hewa ya ukaa ni kama asilimia 0.04 tu ya hewa yote. Kitu kidogo hivyo kitapashaje joto dunia nzima?

Jibu: Uchache wake usikudanganye. Naitrojeni na oksijeni, ambazo ndizo karibu hewa yote, huliacha joto linalotoka ardhini lipite hadi angani. Hewa ya ukaa hulinasa. Mwanafizikia John Tyndall alilipima jambo hilo maabara mwaka 1859, kwa hiyo si habari ya juzi. Bila mvuke wa maji, hewa ya ukaa na gesijoto nyingine, wastani wa joto duniani ungekuwa nyuzi 18 hivi chini ya sifuri, badala ya takriban 15 juu yake. Kabla ya enzi ya viwanda, katika kila molekuli milioni moja za hewa, 280 zilikuwa za hewa ya ukaa. Leo zimepita 420. Hicho kidogo kimeongezeka kwa nusu.

Swali: Huenda ni jua linawaka zaidi?

Jibu: Lingekuwa jua, angahewa ingepata joto juu na chini. Vipimo vinaonyesha tabaka la chini linapata joto huku stratosfia, iliyo juu yake, ikipoa.

Swali: Au tundu la ozoni?

Jibu: Hapana. Hilo ni tatizo jingine, la kupungua kwa ozoni, gesi ya juu angani inayotukinga na mionzi mikali ya jua. Linapona polepole tangu Itifaki ya Montreal ya 1987, mkataba wa kuziondoa kemikali zinazoiharibu.

Swali: Paneli za sola na vinu vya nyuklia navyo hujengwa kwa kuchoma mafuta. Tumepata nini?

Jibu: Jumlisha yote, toka kuchimba madini mpaka kubomoa mtambo. Kwa makadirio ya 2014 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la sayansi ya tabianchi, uniti moja ya umeme wa makaa ya mawe hutoa gramu 820 hivi za hewa ya ukaa, gesi asilia 490, sola arobaini na kitu, upepo na nyuklia kama 12. Sifuri hakuna, lakini tofauti ni kubwa mno. Nyuklia, kwa maoni yangu, huogopwa kupita kiasi. Kinachoikwamisha hasa ni gharama na miaka mingi ya ujenzi.

Swali: Tukiacha kuchoma makaa, mafuta na gesi leo, joto litashuka lini?

Jibu: Si karibuni. Litaacha kupanda tu, kwa kuwa sehemu kubwa ya hewa ya ukaa tuliyokwisha kuitoa itabaki angani kwa karne nyingi. Methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia, ni kali zaidi, ila hudumu angani kwa wastani wa miaka 12 hivi tu. Kuziba mabomba ya gesi yanayovuja huleta nafuu mapema.