Beti za Risasi na Mikanda ya Askari: Isome Kabla Hujaisafisha

Kila masika yakikaribia naletewa maswali yale yale na wenzangu wanaopenda vitu vya kale: mkanda umeota koga, beti ya risasi inatoa unga mwekundu, tufanye nini? Na mara nyingi, kabla ya kuuliza, mtu ameshaipaka mafuta ya nazi na kuisugua mpaka ikang'ara. Nawaandikia hao, pamoja na yeyote wa Unguja au Pemba aliyeachiwa na wazee beti ya ngozi, mkanda wa askari, ala ya singe au pembe ya baruti, na anataka vidumu.

Nimevinunua vitu hivi, nimebadilishana na wenzangu, nimevishika kwa miaka mingi, na imani yangu ni kwamba thamani ya beti kuukuu imo katika alama zake na habari zake. Iliyong'arishwa hadi muhuri ukafutika imebaki ngozi tu. Kwa hiyo ukiipata, kitambaa kiweke mbali kwanza. Funua kifuniko, tazama upande wa ndani, ambako jua na mikono ya watu havikufika. Vifaa vya jeshi la Kiingereza vilipigwa muhuri wa mshale mpana, na mara nyingi utaona pia jina la mtengenezaji na mwaka. Muhuri ukiwa umefifia, usiulowanishe wala usiukwaruze. Zima taa, washa tochi ya simu, ilaze ubavuni ili mwanga upite juu juu ya ngozi. Herufi zitajitokeza kwa vivuli vyake. Piga picha hapo hapo.

Mwaka huo mmoja unaweza kuivunja hadithi nzima ya muuzaji. Katika maduka ya Mji Mkongwe nimeonyeshwa mikanda mingi ikisemwa kuwa ni ya vita vya tarehe 27 Agosti 1896, siku ambayo manowari za Kiingereza ziliipiga mizinga kasri ya Sayyid Khalid bin Barghash, na saa moja haikutimia mambo yakawa yamekwisha. Si jambo lisilowezekana. Jeshi la Sultani la mtindo wa Kizungu lilianza kufundishwa na Lloyd Mathews, afisa wa Kiingereza, mwaka 1877, zama za Sayyid Barghash, na askari wale walivaa mikanda na beti. Lakini bandolia, yaani mkanda wa risasi wa kuvaa begani, ya ngozi yenye vifuko vitano, kila kimoja cha risasi 10, yaani vibanio viwili vya tano tano, ni mtindo wa 1903. Na beti yenye muhuri wa 1915 ni ya Vita Vikuu vya Kwanza, wakati Waingereza walipokosa mikanda ya kutosha ya kitambaa kizito ya mtindo wa 1908 wakarudia ngozi kwa mtindo wa 1914. Hazikuwahi kumwona Sayyid Khalid, ila zina historia yao ya haki: King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Kiafrika, wapagazi waliopelekwa bara, na manowari ya HMS Pegasus iliyopigwa na manowari ya Kijerumani Königsberg bandarini kwetu tarehe 20 Septemba 1914, ambayo baadhi ya mabaharia wake wamelala kisiwani Chapwani. Kukivua kitu historia yake ili ukivishe nyingine yenye bei kubwa ni kuwadhulumu waliokivaa.

Pembe za baruti na mikanda ya Kiomani yenye fedha havina mihuri ya namna hiyo. Huko unasoma mkono wa fundi, na hilo ni somo refu la siku nyingine.

Sasa bandia. Zipo beti mpya zinazotengenezwa kwa ajili ya watu wa nje wanaoigiza vita vya zamani, kama yale masanduku ya ngozi ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ya risasi 40, yenye vikopo vya bati ndani. Kutengeneza nakala si kosa. Kosa huanza pale nakala inapopakwa rangi na kuuzwa kuwa ya kale. Mimi hutazama ukingo uliokatwa. Ngozi ya kijeshi ya zamani ilidabaghiwa kwa magome ya miti, na ukingo wake ni wa kahawia mpaka katikati. Ukiona kiini cha kijivu au cha buluu, hiyo imedabaghiwa kwa kromu, nawe uliza maswali mengi zaidi. Kisha tazama uzi. Wa kitani uliotiwa nta hufifia na kukatika nyuzi nyuzi, wa nailoni hung'aa. Halafu tazama mahali palipochakaa, maana uchakavu wa kweli una sababu: mkunjo wa kifuniko, tundu la bizimu, pembe inayogusana na nyonga. Iliyozeeshwa kwa makusudi huchakaa kila mahali kwa usawa.

Beti niipendayo kuliko zote niliipata Kikwajuni kwa bibi mmoja aliyekuwa akiwekea tambuu.

"Shikamoo bibi. Hii ilikuwa ya nani?"

"Marahaba. Ya baba yangu, mwanangu. Alikwenda nayo vitani, akarudi nayo. Mie nikaitilia tambuu yangu."

Nyuma ina vitanzi viwili vya kupitishia mkanda, na kati ya vitanzi hivyo kuna mstari wa ngozi iliyokoza rangi, laini, upana wake sawa na mkanda wenyewe, kwa kuwa hapo jua halikupata kuingia. Ndani, kwenye mshono wa chini, chokaa ya tambuu imeganda nyeupe na doa la kahawia limeuzunguka. Nimeshauriwa mara kadhaa niitoe. Nilipangusa ile iliyokuwa unga kwa brashi laini, iliyoshika nikaiacha, kwa sababu bibi yule naye ni sehemu ya habari za beti hii, sawa na baba yake.

Kuhusu mafuta nitasema kwa mkazo: usipake. Mafuta ya nazi huchacha, hulisha koga, huita mende. Tena yakikutana na misumari na vifungo vya shaba hufanya ule utando wa kijani, kama nta, unaoila ngozi pembeni. Utando huo utoe kwa kijiti cha meno na kitambaa kikavu. Shaba usiisugue kwa ukwaju, ndimu wala majivu kama tunavyofanya kwa masinia, kwani tindikali ya ukwaju na ndimu huingia ngozini, na kusugua hufuta alama.

Unga mwekundu ni ugonjwa wa ngozi za zamani zilizodabaghiwa kwa magome, hasa za mwisho wa karne ya 19. Tindikali imeshaila ngozi kwa ndani na hairudi ilivyokuwa. Maji huifanya iwe nyeusi na ngumu. Wahifadhi hutumia Klucel G, aina ya gundi ya unga, iliyoyeyushwa katika spiriti, wakapaka kidogo kidogo ili kushikamanisha unga. Huna budi kuagiza nje, na kuijaribu kwanza mahali pasipoonekana. Usipoipata, ifunge vizuri na upunguze kuishika.

Adui mkubwa wa visiwani ni unyevu. Koga hushamiri hewa ikipita asilimia 65 ya unyevu, na masika sisi tunapita hapo kwa mbali. Nunua kipima unyevu kidogo. Tumia sanduku la plastiki linalofunga barabara, na ndani weka chembe za kufyonza unyevu (silica gel), zile zinazobadilika rangi. Zikibadilika, zikaushe kwenye oveni uzirudishe. Bila chembe hizo sanduku litafungia unyevu ndani. Jaza tumbo la beti kwa kipande cha marekani kilichofuliwa ili isibonyee, na sanduku lisigusane na ukuta wa mawe na chokaa, kwa sababu kuta zetu hutoa jasho na chumvi. Karafuu kabatini zinanukia vizuri, lakini hazikaushi hewa. Koga ikishaota, subiri siku kavu, kaa kivulini nje, vaa barakoa, pangusa kwa brashi kavu. Jua kali litaikunja ngozi.

Mwisho, ukikuta risasi nzima ndani ya beti usizifungue wala usizigonge. Waite polisi wazichukue. Na kabla ya kukipeleka chochote nje ya nchi, waulize Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale. Familia ikikataa kuuza, omba ruhusa ya kupiga picha muhuri na kuandika kwa penseli jina la aliyevaa, alikotoka na aliyesimulia. Nakala moja waachie wao, ndani ya beti yenyewe.