Mume anatoka Isanga ameokoka, kanisa linataka nishuhudie

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Nkuhungu hapa Dodoma, nauza karanga na ubuyu Sabasaba, na ni mwanakwaya. Mume wangu yuko gereza la Isanga, alifungwa miaka 3 kwa wizi. Alikuwa fundi mzuri wa kuchomelea mpaka unga ulipomkamata. Aliuza mashine yake, akauza simu yangu, na siku moja alichomoa mtungi wa gesi maharage yakiwa bado jikoni, akaondoka nao. Mwisho akaenda kuiba kwa watu. Watoto niliwaambia baba yuko mgodini Geita.*

*Watu wa huduma ya magereza wa kanisani kwetu wamekuwa wakimtembelea, na mimi wamenishika mkono: mchele, sare za shule, hata kodi ya miezi miwili. Mume wangu ameokoka humo ndani na anatoka mwezi wa kumi. Mchungaji anataka Jumapili ya kwanza tusimame madhabahuni, mimi, yeye na watoto, tutoe ushuhuda. Nilipogusia hospitali, akasema aliyefunguliwa na Bwana hatafuti kufunguliwa tena. Shangazi, naogopa. Aliwahi kuniapia ameshika Biblia, wiki haikuisha akarudi maskani. Je, nina imani haba? Nikikataa si nitaonekana sina shukrani? Na mama mkwe ameshaanza kusema nimepata bwana mwingine ndiyo maana sifurahii.*

*Mwanakwaya, Nkuhungu*

Marahaba mwanangu.

Tuanze na shukrani, maana naona ndiyo inayokubana kuliko unavyosema. Mchele ulioletewa ulikuwa sadaka. Haukuwa mkopo, na marejesho yake si wewe na wanao kupandishwa madhabahuni. Nawaheshimu sana watu wanaoacha shughuli zao kwenda kukaa na wafungwa. Katika Mathayo 25 Bwana aliwahesabia waliomwendea kifungoni, na wengi wetu tunaujua mstari huo bila kuwahi kufika getini. Lakini huduma ikishazoea kupimwa kwa ushuhuda, huanza kumharakisha mtu. Mumeo atatoka Ijumaa, Jumapili apewe kipaza sauti. Akiteleza mwezi wa pili, atarudi vipi mbele ya watu wale wale waliompigia vigelegele? Atajificha, na anayejificha ndiye anayefia chooni.

Sijatumia neno kufa kukutisha. Mtu aliyekaa muda mrefu bila heroini, mwili wake umeshapoteza ule uzoefu wa kuibeba. Kete aliyokuwa akiitumia kila siku kabla ya kukamatwa, leo inaweza kumzimisha pumzi. Ndiyo maana wiki za mwanzo baada ya kutoka jela ni za hatari kuliko nyingine. Ukimkuta amelala, anakoroma isivyo kawaida, anapumua kwa nadra, midomo imegeuka rangi na haamki ukimtikisa, mlaze kwa ubavu na mkimbize hospitali saa hiyo hiyo. Usimwagie maji, usingoje aamke mwenyewe, na usione aibu kumwambia daktari alichotumia.

Sasa Mchungaji. Yawezekana kabisa mumeo ameokoka kweli, mimi sina mamlaka ya kulipinga hilo. Ila kifungo cha miaka 3 kikipunguzwa theluthi kwa nidhamu njema, kinachothibitika ni kwamba alitii amri za gereza. Hakijathibitisha atafanya nini akikutana na jamaa wa maskani pale stendi, mfukoni ana hela ya kibarua cha kwanza. Uraibu ni ugonjwa unaorudi. Mwenye kisukari aliyeokoka hatumwambii aache dawa, na sijawahi kumsikia mchungaji akikataa kuvaa miwani kwa sababu ameombewa macho.

Dodoma mna bahati ambayo wilaya nyingi hazina. Chini ya Hospitali ya Mirembe kuna kituo cha Itega kinachohudumia waraibu. Watu wengi wakisikia Itega wanafikiria methadone tu, ile dawa ya maji ambayo mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Nchini ilianza Muhimbili mwaka 2011 na hutolewa bure. Methadone ni ya waraibu wa heroini na jamii yake. Haitibu bangi wala pombe, na mtu ambaye amekaa muda mrefu bila kutumia hapewi tu kwa sababu aliwahi kuwa teja. Wataalamu watamsikiliza, watampima, ndipo waamue kama anahitaji dawa au ushauri nasaha na ufuatiliaji. Kwa hiyo usiende na jibu mfukoni. Nenda hata kabla hajatoka, peke yako, ukaulize utaratibu. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya nayo ina namba ya bure, 119.

Akitoka, apimwe pia kifua kikuu, Virusi vya Ukimwi na homa ya ini, kabla hamjarudi kulala kitanda kimoja. Jela kuna msongamano, na waliojidunga huchangia sindano. Najua hilo halitangazwi kanisani. Mwambie mapema, kwa upole, ukienda kumtembelea, asije akalisikia siku ya kwanza nyumbani akadhani unamfukuza.

Swali ambalo hukuniuliza ni watoto, na hapo ndipo nimekaa na barua yako muda mrefu. Umesema uliwaambia Geita. Mwanangu, baba aliyeko mgodini hupiga simu. Hutuma hela ya daftari. Anakuja Krismasi na kuku. Mtoto wa darasa la tano akiona hakuna hata kimoja kati ya hivyo, na mtaa mzima unanyamaza anapopita, ameshajua kitu, na huenda anajua kibaya kuliko ukweli. Sasa ungewapandisha madhabahuni wakasikie habari ya baba yao pamoja na washirika wengine wote? Hapana. Hilo peke yake lingetosha kulisogeza jambo hili.

Kaa nao jioni moja baada ya kula, simu weka mbali. Waambie: “Baba hakwenda Geita. Niliwadanganya kwa sababu nilikuwa na uchungu. Baba aliiba, mahakama ikamfunga, yuko Isanga. Aliiba kwa sababu alikuwa anatumia unga, na unga unamfanya mtu awe mgonjwa. Si kosa lenu, na nyinyi si wezi.” Usimpake matope, wala usimsafishe. Wakiuliza kama atatumia tena, sema huna uhakika, lakini nyumba yao italindwa. Mkubwa akikasirika kwamba ulimdanganya, mwache akasirike.

Hapa ndipo huduma ya kanisani kwenu ina kazi ya kufanya. Huko Alabama, Marekani, mwanamke mmoja aitwaye Mary Kay Beard, ambaye mwenyewe alikuwa amefungwa, aliwaona akina mama gerezani wakitunza sabuni na dawa za meno walizogawiwa ili wawape watoto wao zawadi ya Krismasi. Alipokuwa huru akifanya kazi na Prison Fellowship, shirika la Kikristo linalohudumia wafungwa, mwaka 1982 alianzisha mpango wa makanisa kupeleka zawadi kwa watoto kwa niaba ya mzazi aliyefungwa. Naupenda kwa sababu mtoto hakutakiwa asimulie kitu mbele ya mtu. Alipata tu neno kwamba mzazi wake anamkumbuka. Waombe wanaokwenda Isanga wapeleke barua ya mwanao, kwa utaratibu wa gereza, na warudi na jibu. Barua mbili tatu kabla ya mwezi wa kumi zitafanya kazi ambayo kipaza sauti hakiwezi.

Mchungaji umwendee pamoja na mzee wa kanisa unayemwamini, usiende peke yako. Sema hivi: “Mchungaji, namshukuru Mungu na ninyi kwa yote. Ushuhuda tunaomba usubiri. Tukiwa tayari tutakuja wenyewe, na watoto hawatakuwemo. Kwa sasa tunaomba mwanamume mmoja wa kanisa awe anampitia mume wangu, aende naye Itega, na mwingine amtafutie karakana ya kuchomelea ambako hashiki hela za mwenye kazi.” Ukimpa kazi ya kufanya, ni vigumu aone umemkataa. Akisisitiza, rudia maneno hayo hayo, usibishane kuhusu imani. Wewe ulimpikia mtu huyu maharage mpaka siku alipoondoka na gesi. Usiambiwe una imani haba.

Na huna wajibu wa kumpokea moja kwa moja chumbani kwako kwa kuwa tu ana cheti cha ndoa. Kama ana kaka au mjomba hapa mjini, aanzie huko miezi michache, aje kwako mchana, ale na wanawe, arudi. Asipelekwe kijijini mbali na kituo. Mkiamua aje nyumbani, masharti yasemwe mbele ya watu wawili kabla hajavuka kizingiti: hakuna kuuza kitu cha ndani, hakuna rafiki wa maskani, kliniki haikosi. Na useme utafanya nini akivunja, kisha ukifanye.

Mama mkwe muache aseme. Mpelekee ubuyu, msalimie, ondoka.

Halafu kama una fedha za kikoba zinalala kwako, kisanduku kihamie kwa mwenyekiti kabla ya mwezi wa kumi, namba ya siri ya simu ubadilishe, na mtungi wa gesi ununulie mnyororo.

Shangazi